Mwanamke wa Picha Namba 214

Eveline Mwalongo aliiona saa nne asubuhi, Jumanne moja ya mwezi wa sita, ukungu wa Njombe ukiwa umeziba madirisha hata taa ya ofisi ikabidi iwashwe mchana.

Mbele yake kulikuwa na picha mia tano na kidogo za altrasaundi, matiti ya wanawake waliokubali kupimwa kwa ajili ya utafiti wake wa uzamivu. Kazi ya siku hiyo ilikuwa nyepesi: kufuta majina, kuacha namba, kisha kuzituma kwa msomaji wa pili ambaye angezisoma bila kujua yeye aliandika nini. Utafiti wenyewe uliuliza jambo moja tu. Je, mashine ndogo ya kubebwa mkononi inaweza kuuona uvimbe mbaya mapema, mahali ambapo hospitali yenye mashine kubwa iko mbali?

Namba 214 ilifunguka. Akaipita. Akarudi.

Katikati ya weupe wa nyama palikuwa na doa jeusi, dogo kama punje ya haragwe, lakini punje iliyosimama wima. Kingo zake zilikuwa zimekwaruzika. Nyuma yake kilishuka kivuli. Eveline hakuhitaji kuambiwa ni nini, maana ndicho alichokuwa akiwafundisha wengine: uvimbe usio na madhara mara nyingi hulala, huu ulisimama.

Akafungua fomu. Mwandiko ulikuwa wake. "Hakuna tatizo. Arudi baada ya mwaka." Tarehe nane Oktoba.

Miezi minane.

Kitu cha kwanza alichofanya, na baadaye aliona aibu kukisema, ni kugeuka kutazama kama mlango umefungwa.

Siku ile aliikumbuka vizuri mno. Walikuwa wamekodi ukumbi jirani na stendi ya Makambako, na wanawake arobaini na watatu walikuwa wamepanga foleni. Mwanawe Abrahamu alikuwa na wiki saba. Alikuwa amechemka tangu alfajiri, na bibi yake, mama Ida, alimbeba kwenye kibaraza akimwimbia kwa Kibena. Mwanamke aliyelala kitandani alikuwa mnene, mchangamfu, nguo zake zikinukia mafuta ya chapati, mtandio ameukunja kifuani. Alimshika Eveline kidole akakipeleka mwenyewe kwenye titi la kushoto.

"Daktari, mimi hapa nasikia kitu kama kokoto."

Nje mtoto akalia kwa nguvu, halafu akanyamaza ghafla. Ule ukimya ndio uliomtisha Eveline kuliko kilio. Akaigandisha picha, akaihifadhi, akasema, "Ni tezi za kawaida, mama. Usiwe na wasiwasi." Akatoka mbio. Abrahamu alikuwa amelala tu.

Kwa nini mzazi wa wiki saba alikuwa kazini? Katika idara yake kulikuwa na wanafunzi kumi na mmoja wa uzamivu, na mwanamke alikuwa yeye peke yake. Mimba ilipoonekana, kamati ilimwita ikamshauri "kwa upole" aache nafasi, aombe tena mwaka mwingine. Likizo ya uzazi, waliambiana mbele yake, ni ya waajiriwa. Mwanafunzi hana likizo. Eveline aliapa kwamba hatakosa hata siku moja ya kazi ya nje. Na kweli hakukosa.

Sasa aliitafuta namba ya simu kwenye fomu. Ashura Mbaruku, miaka thelathini na tisa, muuza chai na chapati kwenye yadi ya malori. Akapiga. Namba haipatikani. Akapiga tena, na tena, kila mara akijua sauti ile ya kurekodiwa itasema nini.

Alikwenda kwa msimamizi wake, Dokta Hilari, kabla mguu haujamrudisha. Alikuwa mtu wa makamo, mtaratibu, ambaye hakuwahi kumpandishia sauti. Aliitazama picha kwa muda mrefu.

"Umemwambia nani?"

"Wewe wa kwanza, Dokta."

"Vizuri. Sasa sikiliza. Msomaji wa pili ataiona. Itahesabiwa kuwa tofauti ya wasomaji wawili, jambo linalotokea katika kila utafiti. Huyo mama tutamwita, tutasema ni marudio. Atatibiwa."

"Na fomu yangu?"

"Itabaki ilivyo. Sikuambii uibadilishe. Nakuambia usiipeleke mwenyewe mbele ya kamati." Alivua miwani, akaifuta ingawa ilikuwa safi. "Walipokataa mwanamke mwenye mimba apewe utafiti wa kusafiri, niliyesimama ni mimi. Wakisikia hili hawatasema Eveline alikosea, watasema wanawake. Mwaka huu kuna mabinti wawili wameomba. Flora wa Uwemba unamjua, umemfundisha mwenyewe. Unataka faili lake lifunguliwe wiki ambayo jina lako liko mezani?"

Eveline alitazama ile miwani ikifutwa. Angekuwa anasikiliza mtu mbaya ingekuwa rahisi. Huyu alikuwa mtu mwema, naye alikuwa anaogopa, na kila alichosema kilikuwa na ukweli ndani yake.

"Kesho nakwenda Makambako," alisema.

"Nenda. Lakini usikiri kosa kwa mdomo wako. Nakuomba."

Yadi ya malori ilikuwa imejaa magari ya Zambia, matope na moshi wa dizeli. Kibanda alikipata haraka, kwa maana kila dereva alikijua. Lakini aliyekuwa anageuza chapati hakuwa Ashura. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyejitambulisha kwa jina la Yasmini.

"Ashura? Mbona ameshaacha biashara, dada. Tangu mwezi wa nne."

"Ameacha kwa nini?"

"Mgongo. Hawezi kusimama. Akiinua sufuria machozi yanamtoka."

Eveline alishika nguzo ya kibanda. Mgongo. Kansa ya titi ikitembea, mifupa ya mgongo ni moja ya nyumba zake za kwanza. Aliwahi kuiandika sentensi hiyo kwenye sura ya pili ya tasnifu, akaipigia mstari.

Yasmini alimtazama usoni. "Wewe nani wake?"

Ingetosha kusema ndugu. "Mimi ndiye niliyempima mwaka jana," alisema.

"Aah! Wewe ndiye daktari wa mashine! Alikusifu sana. Alirudi hapa anacheka, akatugawia chapati bure. Tulikuwa tumemtisha na kile kitu chake cha kwenye titi, akasema, nyie waoga, daktari ameshaniambia ni tezi tu."

Njia nzima mpaka nyumbani kwa Ashura, ng'ambo ya reli, Eveline alitembea akisikia maneno hayo. Hofu yake ilikuwa imebadilika. Jana alikuwa akijiogopea; sasa alikuwa akiogopa mlango.

Alipiga hodi. Aliyefungua ni Sudi, mume wa Ashura, dereva wa lori la mbao, aliyekuwa nyumbani siku hiyo kwa sababu gari lake lilikuwa gereji. Akamkaribisha ndani. Ashura alikuwa amekaa kwenye mkeka, mto umemwegemeza mgongo. Alikuwa amepungua. Alipomwona Eveline uso ukamchanua.

"Daktari! Umenikumbuka! Sudi, huyu ndiye yule niliyekuambia. Yule mtoto wako aliyekuwa analia, hajambo?"

"Hajambo, dada Ashura." Alikuwa amepanga maneno tangu Njombe, na yote yakapotea. "Nimekuja kwa sababu nilikosea. Siku ile nilikuambia ni tezi za kawaida. Jana nimeitazama picha yako tena. Haikuwa tezi. Kulikuwa na uvimbe, na nilipaswa kukupeleka hospitali siku hiyo hiyo."

Treni ya mizigo ilikuwa inapita, na vikombe kwenye kabati vikagongana taratibu.

"Uvimbe gani?" aliuliza Sudi.

"Sijui mpaka kipimwe kipande cha nyama yake. Lakini unafanana na kansa."

Sudi alisimama. "Mlikuja hapa kujifunzia miili ya wake zetu? Mnapata vyeti, mnapata majina, halafu mnarudi baada ya miezi minane kusema samahani?"

"Sudi," alisema Ashura.

"Niache! Wifi yake alimwambia aende hospitali mwezi wa kumi na mbili. Mimi nilimwambia mwezi wa pili. Unajua alikuwa anatujibu nini? Nimeshapimwa na daktari wa chuo, kwa mashine. Kila siku. Kwa mashine!"

Eveline hakujitetea. Alitamani kutaja homa ya mtoto, ule ukimya wa kibarazani, kamati. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja ambalo lingemfaa mwanamke aliyekaa pale mkekani.

Ashura alikuwa ameweka kiganja kwenye titi lake la kushoto bila kujua. "Limekua," alisema polepole. "Mimi nilijua limekua. Nikawa nasema, daktari hawezi kukosea." Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu dukani, "Nitakufa?"

"Sijui, dada."

"Na huu mgongo?"

"Sijui. Ndicho kinachoniogopesha."

Ashura alimwangalia muda mrefu. Alifumba macho, akafumbua. "Basi kesho utakwenda na mimi. Si Yasmini, si wifi. Wewe. Utakaa pale pale, na wakisema ni kansa nataka niyaone macho yako."

Kesho yake walikwenda hospitali ya Ilembula, watatu. Daktari wa upasuaji alipapasa titi, akapapasa kwapa, na Eveline aliona vidole vikisimama kwapani, vikirudi, vikisimama tena. Uvimbe uliokuwa na milimita kumi na moja kwenye picha yake sasa ulikuwa na ishirini na nane. Wakachukua kipande kidogo cha nyama kwa sindano. Majibu yangechukua wiki mbili, kwa kuwa kipimo kilisafirishwa mbali.

Katika wiki hizo mbili Eveline aliandika taarifa. Ilikuwa kurasa tatu. Aliipeleka kwenye kamati ya utafiti bila kumpitishia Dokta Hilari, kwa sababu alijua angempa sababu nzuri ya kusubiri. Mwishoni aliomba jambo moja: picha zote zisomwe upya, zake na za mwenzake Denis, aliyesoma zile za Njombe mjini.

Usiku hakulala vizuri, na mchana ulikuwa mbaya zaidi. Kila alipomnyonyesha Abrahamu alijikuta akihesabu wanawake wengine wa siku ile. Arobaini na wawili. Ni wangapi aliwatazama huku masikio yake yakiwa nje? Mumewe Amon alimkuta siku moja amekaa jikoni, mtoto amelala mapajani, maji ya ugali yamekauka sufuria inaungua, naye haoni.

Kamati ilikaa siku ya Alhamisi. Wanaume sita, Dokta Hilari akiwa mmoja wao, na mama mmoja wa utawala, mjumbe pia, aliyekuwa akiandika muhtasari.

"Mtoto alikuwepo kwenye eneo la kazi?" mwenyekiti aliuliza.

"Alikuwepo kibarazani, na bibi yake."

"Kwa idhini ya nani?"

"Sikuwa na idhini. Sikuwa na likizo pia. Niliiomba, nikaambiwa hakuna."

"Kwa hiyo unataka kusema chuo ndicho kilichosoma picha vibaya?"

"Hapana, mwenyekiti. Niliisoma mimi. Ninachosema ni kwamba mtu asiyelala, mwenye mtoto mgonjwa nje ya mlango, hakupaswa kuwa na mashine mkononi siku ile. Nilijua hivyo, na niliogopa kuwaambia, kwa sababu nilijua mtasema nini."

Mzee mmoja upande wa dirisha alipumua kwa nguvu. "Ndiyo maana tulishauri mapema," alisema, si kwa Eveline bali kwa meza. Wengine wawili wakaitikia kwa kichwa. Dokta Hilari aliangalia karatasi zake. Mama wa utawala peke yake aliacha kuandika, akainua macho.

Walimsimamisha kazi ya nje kwa miezi sita. Nafasi yake ya masomo ingeamuliwa baada ya picha zote kusomwa upya.

Majibu ya Ashura yalitoka Jumatatu. Walikaa kwenye benchi, Ashura katikati. Daktari aliwaita ndani, akafunga mlango, na kabla hajasema neno Eveline alijua, kwa jinsi alivyovuta kiti chake kuja mbele ya meza badala ya kukaa nyuma yake.

Ilikuwa kansa. Ilikuwa imeshafika kwapani.

Ashura hakulia. Aligeuka, kama alivyoahidi, akamtazama Eveline machoni, na Eveline alijilazimisha asiinamishe uso. Hakuwahi kufanya jambo gumu kuliko hilo. Sudi ndiye aliyelia, kwa sauti, mkono umefunika mdomo.

"Mgongo," alisema Ashura hatimaye. "Tuuangalie mgongo."

Ilibidi waende Mbeya kwa picha za mifupa. Siku tano nyingine. Eveline alisimama nje ya chumba cha picha, mahali ambapo kwa taaluma yake angeweza kuomba kuingia, lakini hakuomba. Hakuyaamini macho yake tena. Alisimama akihesabu vigae vya sakafu, anafika mwisho, anaanza upya.

Aliyetoka ni mtaalamu kijana mwenye haraka. "Mifupa ni safi," alisema. "Huo mgongo ni wa kubeba. Huyu mama amebeba viroba vya unga miaka mingapi?"

"Kumi na nne," alijibu Sudi, akaketi chini sakafuni pale pale.

Walimkata titi la kushoto mwezi wa saba, kisha dawa zikaanza. Nywele zikanyonyoka, kucha zikaingia weusi. Kuna wiki Ashura hakutaka kumwona Eveline kabisa, akamwambia Sudi asipokee simu yake. Kuna wiki alimpigia mwenyewe na kumtukana, akakata. Eveline alipokea kila mara.

Mwezi wa tisa Denis alikuja nyumbani kwa Eveline, Njombe. Hakuwahi kufika pale. Alikaa ukingoni mwa kochi na hakugusa chai.

"Wamemaliza kuzisoma," alisema. "Zako, iliyokosewa ni ile moja tu. Zangu mbili."

Eveline alikaa.

"Mmoja nimempata, amepimwa, ni uvimbe wa maji, hauna shida. Mwingine alihamia Songea. Hakuna anayejua mtaa." Midomo yake ilikuwa mikavu. "Kamati wamenipa barua ya onyo. Basi. Wamesema ni makosa ya kibinadamu. Nina watoto watatu, Eveline. Mdogo alikuwa na nimonia mwezi ule wote. Hakuna aliyeniuliza."

Alikuwa hajaja kulalamika wala kumfariji. Ilimchukua muda kusema kilichomleta. "Wewe ulianzaje? Ulipofika mlangoni, neno la kwanza ulisema nini?"

"Nilisema nilikosea."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Usimpigie simu, Denis. Usitume ujumbe. Nenda mwenyewe, na ukae mpaka amalize kukuambia anachotaka kukuambia."

Denis alikwenda Songea mara tatu. Mara ya tatu alimpata. Anatibiwa.

Eveline alirudishwa masomoni mwezi wa kwanza, kwa kura nne dhidi ya tatu. Barua aliyokuwa ameiandika juu ya likizo ya wanafunzi wanaojifungua imepelekwa ngazi ya juu, na bado iko huko. Flora wa Uwemba alipata nafasi. Binti mwingine aliyeomba hakupata, na sababu haikuandikwa. Dokta Hilari bado ni msimamizi wake. Wanazungumza kazi. Siku moja tu alimwambia, wakiwa wanatembea kuelekea getini, "Nilidhani ninakulinda," na Eveline akajibu, "Najua, Dokta," wakaachana hapo.

Kwenye utafiti sasa hakuna mwanamke anayeondoka ukumbini kabla picha yake haijasomwa na watu wawili. Eveline huchelewa kuliko wengine wote. Kuna picha huzitazama mpaka wasaidizi wanakohoa.

Ashura amerudi kwenye kibanda chake, nusu siku, na Yasmini anabeba viroba. Kila miezi mitatu anakwenda kupimwa. Madaktari wanasema miaka miwili ya mwanzo ndiyo ya kuangalia, na umepita mmoja tu. Simu kutoka kwake ikiita, Eveline hukaa chini kwanza, hata kama yuko katikati ya darasa au sokoni, hutafuta mahali pa kukaa ndipo anapokea.

Wiki iliyopita iliita saa tano asubuhi. Alikaa kwenye ngazi za maktaba, akavuta pumzi.

"Haloo, dada Ashura."

"Wamenipima jana," ilisema sauti, halafu kukawa na kelele za lori linalorudi nyuma, muda mrefu, na Eveline akafumba macho akisubiri lori lipite.